Lita Nane Nukta Saba

Gafsa, 14 Januari 2024

Kaka yangu Tijani,

Nakusalimu mimi Mongia, mdogo wako wa tumbo moja, ambaye siku tisa zilizopita ulimkatia simu katikati ya neno kama mtu anayekata kamba ya mbuzi. Mimi mzima. Magoti yananisumbua na baridi hii, lakini hukuuliza, kwa hiyo sikuelezi.

Niliapa siku ile kwamba simu haitasikia sauti yangu ikikuita mpaka uniombe radhi. Kiapo ni kiapo. Ila kuhusu kalamu sikuapa. Mimi niliishia darasa la tano, lakini mwalimu alisema mwandiko wangu unawashinda wa darasa la saba, na wewe ulikuwepo ukasikia ukanuna. Barua anakuletea Hamadi, dereva wa luaji, teksi ya abiria wengi, ambaye huja huko Bizerte kumwona mama mkwe wake kila anapokosa kisingizio. Nimemwekea pia mtungi wa harissa ya pilipili na lozi za kijani za El Guettar. Za kwako hizo. Mwambie mama mkwe wake asiguse.

Sasa jambo lenyewe. Rim wangu anaolewa tarehe 17 Agosti. Unajua kwetu bibi harusi hatoki mlangoni kwa mama yake ila chini ya joho la baba yake. Baba yake tumemzika mwaka wa sita huu. Basi joho ni la mjomba, na mjomba ni mmoja, na huyo mmoja ameniambia kwa simu, "Tafuta mwingine. Mimi siketi kwenye hiyo cherehani."

Cherehani! Kisa mtoto amekataa Ghzala yako. Kaka, Ghzala ni gari la heshima, limetuzika na kutuoza, lakini lina miaka thelathini na moja na linatoa moshi kama tanuri la mkate. Rim ni mkunga. Huitwa aende Metlaoui, huitwa aende Redeyef, mahali popote mwanamke anapojifungulia. Anataka gari linalowaka.

Tumenunua jipya, na limewaka! Ngoja nikueleze. Ni refu la familia, rangi ya majani ya mzeituni. Buti lake limemeza godoro, vigari viwili vya watoto na busati la harusi ninalofuma, na mlango ukafungwa. Viti vya mbele vinapata joto vyenyewe, magoti yangu yamelia kwa furaha. Ukirudi nyuma, kamera inakuonyesha mpaka paka. Injini ndogo, ndiyo, silinda tatu, lakini ina turbo: ukikanyaga linavuta pumzi, halafu linakusukuma mgongoni kama shangazi anayekuharakisha msibani. Na dashibodi yenyewe imeandika kwamba linakunywa lita tano nukta tisa kwa kilomita mia. Ghzala yako ilikunywa ngapi? Usijibu, kuna watoto.

Utakuja, kaka. Joho la baba yetu nimelitoa sandukuni, nimelianika.

Dada yako,
Mongia


Bizerte, 4 Februari 2024

Mongia,

Wa alaikum salaam. Mimi mzima. Harissa imefika, lozi zimefika nusu, muulize Hamadi.

Nimekuwa fundi miaka arobaini na sijaona dashibodi iliyomsema vibaya bwana wake. Mtu akijipima urefu mwenyewe hakosi kuwa mrefu. Ukitaka ukweli, jaza tangi mpaka shingoni. Andika kilomita. Safiri, rudi, jaza tena mpaka shingoni. Ulichoongeza ndicho lilichokunywa. Hapo ndipo utajua kama umenunua gari au maneno.

Silinda tatu ni za kukoboa ngano. Turbo ni kumpulizia punda tarumbeta: atakimbia, lakini atakula.

Habari ya Ghzala nimeisikia. Niliitoa kwa moyo mmoja, ikarudishwa na asante. Basi imekwisha. Huku mvua tu, daraja likifunguliwa meli ipite watu wanasimama saa nzima na miavuli.

Tijani


Gafsa, 27 Februari 2024

Kaka mpendwa,

Natumaini mvua imekoma na kikohozi chako pia. Rim anakusalimu, mchumba wake Nizar anakusalimu, hata Zakia jirani anakusalimu, ingawa yeye husalimia ili apate cha kurudia sokoni.

Nimepima! Umeona? Unadhani mimi ni wa kutishwa na hesabu? Tulikwenda Sfax, Rim akiendesha, kuona kitambaa cha gauni. Kwenda na kurudi kilomita mia tatu na tisini. Tulipotoka tangi lilikuwa shingoni. Tuliporudi nilimwambia Rim asimame kwa Mbarek, yule auzaye petroli ya magendo ya mpakani kando ya barabara, nikamwambia, "Mbarek, mimina mpaka nione inataka kulia." Akamimina dumu moja kamili. Dumu la lita ishirini. Lilikwisha na tangi likajaa, tone kwa tone, kama limepangwa na malaika.

Nimepiga hesabu kwa kalamu, siyo kwa simu. Lita tano nukta moja! Dashibodi yenyewe inasema tano nukta tisa. Kaka, gari letu lina haya, linajisema vibaya! Nimemwambia Zakia, nimemwambia mwokaji, nimewaambia wanawake wote wa hamamu, bafu letu la umma. Wote wamekubali kwamba sasa Tijani hana la kusema.

Kwa hiyo sema tu utakuja tarehe ngapi.

Mongia wako


Bizerte, 20 Machi 2024

Mongia, mdogo wangu,

Ramadhani njema. Nilicheka mpaka Bi Sihem, muuza dawa wa ghorofa ya chini, akapanda kuuliza kama naumwa.

Gari gani litaishinda sifa yake lenyewe? Hukujiuliza? Dumu la mpakani huitwa la ishirini kwa sababu ndivyo lilivyozaliwa. Lakini Mbarek ana washindani sita kwenye barabara ile, na kila mmoja hujaza mpaka chini ya kifuniko ili mteja asiende kwa jirani. Mpaka shingoni linabeba ishirini na mbili na nusu. Mimi nimemimina madumu hayo maisha yangu yote. Piga tena: tano nukta nane. Dashibodi haikusema uongo. Wewe ndiye uliyesema, na wanawake wote wa hamamu ni mashahidi wako.

Tano nukta nane si haba. Mtoto anaendesha kwa akili, hilo nalikubali.

Lakini sikiliza kwa makini, siyo utani. Petroli ya Mbarek imechujwa kwa shuka. Ghzala ingekunywa hata mchuzi. Turbo ni kitu chenye joto kali na mzunguko mkali, usikipe uchafu. Nenda kituo cha mafuta kama mtu aliyestaarabika.

Harusini sitakuja. Tafadhali usiniulize tena.

Tijani


Gafsa, 12 Mei 2024

Kaka yangu,

Eid imepita hukuandika. Hamadi anasema mama mkwe wake aliugua, kwa hiyo hakwenda, kwa sababu anaogopa kumkuta amepona. Sisi wazima. Busati limebaki shubiri mbili. Nizar amepaka rangi nyumba, bluu ya madirisha imemshinda, imekuwa kama ya zahanati.

Nilipokea aibu ya dumu. Nimerudi hamamu nikawaambia wanawake, "Ni tano nukta nane, Tijani amesahihisha." Wakasema, "Basi huyo mwanaume anajua." Umefurahi? Na tangu hapo ni kituo cha mafuta tu, Mbarek akituona anageuza uso.

Gari lina mambo mapya kila siku. Kwenye taa nyekundu linajizima lenyewe, ukikanyaga klachi linawaka. Ukiacha mstari wako barabarani usukani unatetemeka mkononi, kama mtu anakuambia "dada, wapi huko?" Na ukilikaribia lori kwa nyuma linapiga kelele. Lina hofu kidogo lakini lina adabu. Kiti cha mbele unakiinua mpaka unaona boneti yote hata kama Mungu alikupa miguu mifupi.

Ulisema nisiulize. Siulizi. Nakukumbusha tu ni tarehe 17 Agosti.

Mongia

Nimeisahau hesabu. Gafsa mpaka Gabès na kurudi, kilomita mia tatu, mafuta ya kituoni, shingo kwa shingo. Lita nane nukta saba. Ulikuwa upepo.


Bizerte, 29 Mei 2024

Mongia,

Upepo wa kwenda na wa kurudi pia?

Barabara ya Gabès ni tambarare kama sinia. Gari lile lile, mkononi mwa Rim, lilikunywa tano nukta nane. Nane nukta saba ni mtu anayekaa gia ya tatu mpaka injini inaomba dua, halafu anakanyaga turbo iamke, halafu anaogopa anakanyaga breki, halafu anaanza tena. Nimewafundisha vijana mia, naijua namba hiyo kama ninavyoijua njaa.

Unajuaje kiti kinainuka mpaka mwenye miguu mifupi aone boneti yote? Unajuaje usukani unatetemeka mkononi? Abiria hashiki usukani.

Nani anaendesha?

T.


Gafsa, 9 Juni 2024

Tijani,

Mimi.

Mimi Mongia binti Amor, miaka hamsini na tisa, nimepewa leseni mwezi wa nne, jaribio la tatu, na mwenye kutahini aliniambia, "Mama, umenichosha, lakini hukuvunja sheria hata moja." Nilikuwa sitaki ujue, nikasema utacheka. Sasa cheka! Miaka yote hiyo nimebebwa kama gunia la ngano. Na baba, na wewe, na marehemu. "Mongia, panda nyuma. Mongia, shika kuku." Sasa Rim akiwa kazini hospitali gari linakaa barazani limelala kama ngamia, na mimi nitembee na magoti haya? Zakia amesema dirishani, nisikie, "Mwanamke mzima, mama wa bibi harusi, anazunguka na gari." Nikashusha kioo, kinashuka chenyewe, nikamwambia, "Panda nikupeleke sokoni, au utaendelea kusema kwa miguu?" Akapanda. Alishika kile kishikio cha juu njia nzima akisoma Yasin, lakini alipanda!

Nane nukta saba ni zangu. Nimezilipia kwa jasho. Andika popote utakapo.

Haya. Nimesema langu. Sasa nasema lako.

Barua yako ya Februari mistari ilikuwa imenyooka. Ya Machi ilipanda mlima. Hii ya juzi umeandika mstari wa nne juu ya mstari wa tatu, nimeusoma kwa kuushikilia kwenye taa. Hamadi anasema alisimama kulia kwako ukanyoosha mkono kushoto kupokea mtungi. Anasema Ghzala ina turubai na turubai lina uchafu wa ndege wa mwaka mzima, na kwamba asubuhi unaingia humo unakaa na turubai juu.

Hukumpa Rim gari kwa sababu ya moyo mmoja, kaka. Ulilitoa kwa sababu huwezi tena kuliendesha. Na harusini huji kwa sababu unaogopa watu waone unashikwa mkono. Cherehani haina kosa.

Unaona kiasi gani? Niambie kweli kama nilivyokuambia.

Mongia


Bizerte, 21 Julai 2024

Kwa Mongia,

Huu ni mwandiko wa Bi Sihem, muuza dawa. Tijani anasema, mimi naandika. Ameniapisha nisiongeze neno.

Anasema: mdogo wangu, nilikaa wiki sita nikitafuta la kukujibu. Nimecheka kuhusu Zakia.

Anasema: jicho la kulia limeziba kabisa. La kushoto naona mwanga na vivuli. Daktari anauita ugonjwa huu mtoto wa jicho. Daktari anasema utando hutolewa, ni jambo la asubuhi moja. Sijaenda. Mwaka jana niliugonga mkokoteni wa muuza sadini hapa bandarini, nikasema jua lilinipiga. Hakukuwa na jua. Nikamlipa sadini zake, nikafunika gari siku hiyo hiyo.

Anasema: mjomba anayetoa bibi harusi hutembea mbele ya watu mia tatu, joho begani, kichwa juu. Mimi nitajikwaa kwenye kizingiti cha nyumba niliyozaliwa. Msifanye mtoto achekwe. Mpeni joho binamu Lazhar.

Mimi Sihem naongeza neno. Dawa za macho anazo kabatini tangu Novemba, hajazifungua. Daktari alimpangia siku ya upasuaji mara mbili, zote akasema anaumwa mafua. Ni mkaidi kama meno mabovu. Njooni mmchukue.


Gafsa, 2 Agosti 2024

Kaka Tijani (na wewe Bi Sihem msomaji, Mungu akupe afya, nimekuwekea busati dogo),

Barua hii Hamadi anaondoka nayo leo asubuhi, nimemwambia mama mkwe wake amenipigia simu kwamba anamtaka. Mungu anisamehe. Jioni hii Bi Sihem atakuwa anakusomea. Kesho alfajiri naondoka mimi.

Ndiyo, mimi. Rim ana zamu, Nizar ana rangi kwenye nywele. Kilomita mia nne na kumi, peke yangu, mpaka mlangoni kwako. Nimejaza kituoni mpaka shingoni. Nimetoa kila kitu kwenye buti kwa sababu uzito hunywa mafuta. Matairi nimepima upepo. Umenifundisha bila kujua.

Kuhusu Lazhar: huyo joho litamburuza. Usilitaje tena jina lake kwenye jambo hili.

Kuhusu kizingiti, sikiliza. Joho la baba ni kubwa, limewafunika mbuzi wawili wakati wa theluji ya mwaka ule. Wewe utalitandaza, Rim ataingia chini yake, ubavuni kwako, kama desturi. Na chini ya joho, kaka, nani ataona nani anamshika nani? Rim ni mkunga. Anawaongoza watu wasioona kitu kuja duniani kila wiki. Atakushika kiwiko na atakuambia "kizingiti" kwa sauti ya chini. Watu mia tatu wataona mjomba anamtoa bibi harusi. Kichwa juu tu, hilo ndilo lako.

Baada ya harusi ni jicho. Siku nimeshaiomba mwenyewe kwa daktari wako, Bi Sihem alinipa namba. Ukisema mafua nitakuleta na mafua.

Na njiani hutakuwa gunia. Gunia nilikuwa mimi, najua lilivyo. Wewe utakaa mbele, kiti nitakipasha joto kama ni Agosti kama si Agosti. Macho yako yamekwenda lakini masikio yako yanajua injini kuliko walioiunda. Mimi nitaona barabara, wewe utasikia gari. Ukisema "nne," natia nne. Ukisema "achia," naachia. Mimi na wewe tumefika umri huu, ni lazima pamoja tutoke dereva mmoja mzuri.

Oga. Nyoa. Kaa mlangoni. Ukisikia cherehani, ni mimi.

Mongia


Bizerte, 13 Oktoba 2024

Mongia,

Huu mwandiko ni wangu. Tazama mistari.

Jicho la kushoto limefunguliwa siku ya kumi leo. Bi Sihem ana nywele nyeupe, hakuniambia. Bahari iko palepale. La kulia ni mwezi ujao, na nitakwenda mwenyewe bila kukokotwa, mwambie Rim.

Sikukuandikia tangu Agosti kwa sababu kila nikianza nakumbuka neno moja, "kizingiti," na mkono wake kwenye kiwiko changu, na vile vigelegele. Watu wamesema sijawahi kutembea vizuri vile. Mtoto alinibeba, Mongia, na nchi nzima ikaona mimi ndiye niliyembeba yeye. Sitasema zaidi.

Hesabu ya safari ile unadhani nimeisahau. Bizerte mpaka Gafsa, kiyoyozi kimewaka, watu wawili na vifaa vyote vya Ghzala yangu ndani ya buti. Lita sita nukta mbili. Kwa silinda tatu. Sijasema gari ni zuri. Nimesema sita nukta mbili. Ukiacha kung'ang'ania gia ya tatu wakati wa kulipita lori, utafika tano nukta nane.

Halafu radhi. Nimekukatia simu mwezi wa kwanza, haikuwa haki. Nimeandika mara moja, kwa jicho moja, ikutoshe. Kiapo chako kimekwisha, piga simu.

Piga leo, kwa sababu nataka kusikia kwa mdomo wako jambo hili. Siku mliponitoa hospitali nikafunguliwa bandeji, kitu cha pili nilichokiona baada ya uso wako ni gari. Rangi ya mzeituni kweli, hukunidanganya. Lakini mlango wa nyuma wa kushoto una bonde la kulaza mtoto. Tangu lini? Na nani?

Tijani


Gafsa, 20 Oktoba 2024

Kaka,

Alhamdulillahi kwa jicho. Mistari nimeitazama, nimewaonyesha wanawake wote wa hamamu. Radhi nimeipokea, nimeikunja, nimeiweka kabatini pamoja na joho.

Simu nitapiga fundi akimaliza mlango.

Ile nguzo haikuwepo pale jana yake.

Mongia